Nyanya Amenunua Nyanya: Jinsi Mtoto Anavyoweza Kusoma Bila Kuelewa

Nyanya kubwa nyekundu. Ina macho, ina miguu miwili, na mkono wake mwembamba umeshika kikapu. Ndani ya kikapu mna nyanya ndogo tatu.

Mchoro huo nimeuhifadhi kwenye faili ninamoweka maazimio ya kazi. Aliuchora msichana mmoja wa Gredi ya Pili darasani kwangu, katika shule ya msingi karibu na Maseno, si mbali na bango la ikweta lililo kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeandika ubaoni: Nyanya amenunua nyanya sokoni Luanda. Alisimama, akaisoma sentensi yote bila kukwama. Nikamuuliza, "Nani amenunua nyanya?" Akajibu, "Nyanya." Wenzake wakampigia makofi, nami nikaandika kwenye rekodi ya tathmini kwamba amefikia matarajio.

Kengele ilikuwa haijalia. Zilibaki kama dakika tano, nikawaambia wachore walichosoma. Ndipo nikaletewa nyanya yenye miguu.

Kwao wanazungumza Dholuo, lugha ya Wajaluo. Kwa Dholuo nyanya ni ile inayokatwakatwa kwenye sufuria ya omena. Nyanya aliye mama wa mzazi, kwao ni dayo. Kwa hiyo mtoto alisoma kilichoandikwa, akajibu swali kwa kuokota neno la kwanza la sentensi, na kichwani mwake nyanya ilikuwa imetoka nyumbani kwenda kununua nyanya. Hakuona ajabu yoyote. Katika vitabu vyetu vya hadithi sungura huongea na fisi huenda arusini, sasa nyanya isiende sokoni kwa nini?

Kama si zile dakika tano, ningefunga rekodi nikiamini kwamba anasoma. Na kila muhula wazazi huniuliza jambo hilohilo. Mama mmoja aliwahi kulisema vizuri kuliko mimi: "Mwalimu, huyu wangu anasoma ama anaimba tu?" Jibu lake lina mafundo kadhaa, na njia rahisi ninayoijua ya kuyafungua ni kuipitia siku moja ya darasani, kipindi baada ya kipindi.

Kazi mbili ndani ya moja

Kabla ya kengele, tutenganishe kwanza vitu viwili ambavyo neno "kusoma" limevifunga pamoja. Kuna kugeuza alama za wino kuwa sauti, na kuna kuelewa lugha ambayo sauti hizo zinasema. Mwaka 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, walilieleza hili kama hesabu: kusoma ni ujuzi wa herufi mara ujuzi wa lugha. Hawakusema kujumlisha, walisema kuzidisha, na hapo ndipo penye maana. Tano jumlisha sufuri bado ni tano. Tano mara sufuri, umebaki mikono mitupu.

Nyanya yangu (wa watu, si wa sokoni) alielewa mahubiri ya saa mbili bila kupoteza neno, lakini barua ikija alimwita mjukuu. Lugha tele, herufi sufuri. Msichana wangu wa mchoro ni kinyume chake: herufi anazo zote, lugha ya sentensi ile ikamkosa. Ukiwapa hao wawili barua moja waisome kila mtu peke yake, hakuna atakayejua kilichomo.

Jambo la pili ni kwamba nusu ya kwanza, ile ya herufi, mtu hujifunza mara moja tu maishani. Mtoto akishatambua kwamba alama husimamia sauti na kwamba sauti zikiunganishwa hutoa neno, hahitaji kuligundua tena akibadilisha lugha. Atajifunza alama mpya chache tu. Nusu ya pili ni tofauti. Lugha haihami. Kila lugha lazima ijengwe neno kwa neno, na inajengwa kwa kusikia na kuzungumza muda mrefu kabla ya kitabu kufunguliwa.

Saa mbili na dakika ishirini

Gwaride limekwisha, rejista imeitwa, watoto 58 wameketi watatu watatu kwenye madawati ya wawili. Kipindi cha gredi za chini ni dakika 30. Kuanzia Gredi ya Nne huwa 35. Dakika 30 ukitoa za kugawa vitabu na za yule asiye na penseli, unabaki na kama 22.

Kiswahili kwa upande wa herufi ni zawadi kwa mwalimu. Irabu ni tano na kila moja ina sauti moja, asubuhi na jioni. Ukiandika ba, be, bi, bo, bu ubaoni na watoto wakaishika kamba hiyo, wiki zinazofuata unabadilisha konsonanti tu: da, de, di, ka, ke, ki. Karibu kila silabi huishia kwa irabu. Zinazosumbua ni chache na zinajulikana: m ya mtu na mbwa inayosimama peke yake, na ile tofauti ya ng katika ngoma na ng' katika ng'ombe. Watoto wangu wengi husema "mutu" mara ya kwanza. Siwalaumu, kwa Kiluhya mtu ni omundu, na hakuna m iliyoachwa uchi hivyo.

Lakini zawadi hiyo ina mtego. Kwa kuwa Kiswahili kinasomeka kirahisi, mtoto anaweza kukisoma chote bila kujua kinachosemwa. Mpe ukurasa wa gazeti usio na picha, atausoma kwa sauti nzuri, mgeni ashangilie. Ni kama mimi ninavyoweza kusoma Kiitaliano kwa sauti mbele ya Muitaliano nikamfurahisha, ilhali sijui kama ni sala au bei ya viatu.

Kisha kuna urefu wa maneno. Chukua hawakuninunulia. Herufi 15, silabi nane, na ndani yake mna ukanusho, watendaji, wakati uliopita, mnunuliwa na kitendo chenyewe. Kiingereza kingetumia maneno sita mafupi. Mtoto anayesoma silabi kwa silabi akifika -lia mwishoni, ha- ya mwanzo imeshamtoka kichwani, na ha- ndiyo iliyobeba "hapana". Anaishia kuelewa kwamba mtu alinunuliwa kitu. Ndiyo maana mpango wa Tusome, ulioanza mwaka 2015 katika shule za msingi za umma kwa kufundisha kusoma Kiswahili na Kiingereza, ulikuwa na vipimo viwili tofauti vya kasi: anayesoma kwa ufasaha alitarajiwa kusoma maneno 65 sahihi kwa dakika kwa Kiingereza, na 45 kwa Kiswahili. Mzazi mmoja aliona namba hizo akalalamika kwamba tunakidharau Kiswahili. La. Neno la Kiswahili ni gunia. La Kiingereza mara nyingi ni mfuko wa karatasi. Huwezi kuhesabu mizigo bila kuangalia ukubwa wake.

Hapa pia ndipo matamshi yanapowachanganya watu. Dholuo haina sh, z wala v. Mtoto anayeona shule akasema "sule", au vitabu akasema "fitabu", amesoma. Jicho limeona herufi, kichwa kimepata neno, ulimi umelitoa kwa sauti ulizonazo. Vivyo hivyo kwa mtoto wa Kibukusu anayesema "papa" mahali pa baba. Katika lugha yake sauti ya b hukaa baada ya m. Nimewaona walimu wa mafunzo wakimkatiza mtoto wa aina hii mara nne katika sentensi moja mpaka akaketi chini. Kosa la kusoma ni pale anapoona shule akasema "shuka", kwa sababu hapo ameacha herufi akaanza kubahatisha. Hilo ndilo la kusahihisha papo hapo. La ulimi lina siku yake na nyimbo zake.

Irabu zinabadilishwa majina

Dakika 30 baadaye ubao unafutwa, na watoto walewale wanaingia Kiingereza.

Simama nyuma ya darasa uwasikilize kwa masikio yao. Saa mbili na dakika ishirini, alama E ilikuwa "e". Saa tatu kasoro dakika kumi, mwalimu yuleyule anaionyesha alama ileile na kusema jina lake ni "i". Na ile iliyokuwa "i"? Sasa inaitwa "ai". Na "a"? Hiyo imekuwa "ei". Mtoto wa miaka saba amehamishiwa viti vya irabu ndani ya nusu saa na haruhusiwi kuuliza kwa nini.

Hayo ni majina tu. Sauti ni vurugu zaidi. Herufi a katika cat, cake, car na call ina sauti nne, na hakuna ukubwa wa macho utakaokuonyesha tofauti. Lazima ujue desturi za Kiingereza, kwa mfano kwamba e ya mwisho kwenye cake haitamkwi ila imekaa pale kuibadilisha a. Watoto wanaozungumza Kiingereza tangu kuzaliwa hutumia miaka kuyazoea haya, ingawa wakishalitamka neno karibu sawa, sikio huwaambia, "Aa, kumbe ni hili." Mtoto wa Maseno hana sikio hilo. Akitamka karibu sawa, hakuna neno linalomngoja upande wa pili.

Anafanya nini? Anasoma picha. Akiona mbwa anasema dog hata kama chini pameandikwa puppy. Nimewahi kukifunika kitabu kwa karatasi nikaacha maandishi tu, na nusu ya wasomaji wangu hodari wakanyamaza. Sina hasira nao. Akili inayokosa njia moja hutafuta nyingine, na picha ni njia ya busara kwa mtu ambaye hajapewa ufunguo.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo siku yetu imepangwa vibaya. Kuanza na Kiswahili halafu Kiingereza asubuhi moja si kosa. Kosa ni kuvianza vyote viwili kwa wakati mmoja kabla mtoto hajatulia kwenye chochote. Ningekuwa na mamlaka ningempa muhula mzima wa herufi za Kiswahili, Kiingereza kikiwa cha kusikia na kuimba tu, na kusoma kwake kungengoja. Lakini mimi si mamlaka, na mwongozo wa mwalimu uko mezani.

Lugha ya eneo ni ya nani?

Baada ya mapumziko na uji kuna Hesabu na Mazingira, nami nitarudi kwa Hesabu kidogo. Acha kwanza niruke hadi kipindi cha lugha ya asili, kinachokuja mara mbili tu kwa wiki, maana fundo kubwa liko hapa.

Sera ya Kenya haijawa moja miaka yote. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipendekeza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ikageuza: miaka mitatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha inayozungumzwa katika eneo la shule, kisha Kiingereza kichukue usukani darasa la nne. Tume ya Mackay ya 1981 ndiyo iliyotuletea 8-4-4, mfumo ulioanza 1985, na ikakifanya Kiswahili somo la lazima lenye mtihani. Mtaala wa Umilisi, ulioingia gredi za chini mwaka 2019, umeendelea na msimamo ule wa 1976. Kwa maandishi, basi, mtoto wa Gredi ya Pili hapa anapaswa kujifunza Mazingira na Hesabu kwa lugha anayoijua.

Kwa maandishi. Mimi nilisoma miaka ile msimamo wa Gachathi ukiwa ndio sera, na nilivishwa kibao shingoni. Kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba ya katani. Ukisikika ukizungumza lugha ya nyumbani unavishwa, nawe unatega masikio uwanjani umpate mwingine wa kumvisha, na jioni aliyelala nacho anachapwa. Nilichojifunza kutokana na kibao hicho ni kunyamaza. Siku hizi kwetu hakipo, lakini bado kuna wazazi wanaokuja kunilaumu nikimweleza mtoto jambo kwa Dholuo. "Hiyo tunaiongea nyumbani bure," aliniambia baba mmoja. "Shuleni nalipia Kiingereza." Shule yetu ni ya umma, halipi karo, lakini nilimwelewa. Ameona shule za kibinafsi za mjini zinavyoanza na Kiingereza tangu chekechea, na ameona ni kina nani wanaopata kazi.

Kuna tatizo jingine ambalo sera haikulitatua: lugha ya eneo ni ipi? Shule yetu ipo Kaunti ya Kisumu, hatua chache kutoka Vihiga. Mvua ikinyesha, nusu ya darasa hukimbilia upande wa Luanda na nusu upande wa Maseno. Kwa nusu moja nyumbani ni Dholuo, kwa nyingine ni Kinyore, lahaja ya Kiluhya. Mimi nimezaliwa Bunyore nikaolewa Ujaluo, kwa hiyo huwa najigawa. Mwenzangu wa darasa la pili alitumwa hapa kutoka mbali. Hana hata moja kati ya hizo mbili. Nakuru mjini jambo hili ni rahisi, maana watoto wengi hukutania kwenye Kiswahili. Kijijini Siaya au Bungoma pia ni rahisi, kwa sababu lugha ni moja. Mpakani kama hapa, lugha ya eneo ni swali.

Inafaa kueleza kwamba lugha hizi mbili hazimpi mtoto mtaji sawa anapokuja kwenye Kiswahili. Kiluhya ni binamu wa Kiswahili. Omundu na abandu, mtu na watu. Omwana na abana, mwana na wana. Mtoto wa Kinyore anafika shuleni akiwa tayari na ngeli kichwani, anajua kwamba kichwa cha neno hubadilika na kwamba vitenzi hufuata. Dholuo haina ngeli. Mtoto ni nyathi, watoto ni nyithindo, na hakuna herufi inayovutwa kwenye kila neno la sentensi ili kukubaliana. Rudi sasa kwenye ubao wangu: Nyanya amenunua. Ile a- ya mwanzo ndiyo ilikuwa dokezo. Ingekuwa nyanya ya sokoni, kitenzi kingesema imenunua. Kwangu mimi a- hiyo inapiga kelele. Kwa msichana wa mchoro ilikuwa silabi kama silabi nyingine.

Lakini Dholuo nayo ina deni la upande wake. Ina irabu tisa, ilhali huandikwa kwa herufi tano zilezile, na kidatu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, hakiandikwi kabisa. Dhok ni kinywa, na pia ni ng'ombe wengi. Msomaji hutegemea maana ya sentensi ili ajue atamke vipi. Kwa maneno mengine, Kiswahili unaweza kukisoma kwanza ndipo ukielewe. Dholuo inabidi uielewe kidogo ndipo uisome. Ajabu ni kwamba watoto wa Kijaluo hawalalamiki. Wakipewa hadithi ya Dholuo, hata kwa herufi za kujikongoja, wanacheka mahali pa kuchekesha. Katika kipindi cha Kiswahili hucheka baada ya mimi kucheka.

Mradi wa majaribio ulioitangulia Tusome, ulioanza mwaka 2011, ulijaribu pia kufundisha kusoma kwa Kibukusu kule Bungoma na kwa Kikamba kule Machakos, na watoto wakasoma lugha zao vizuri zaidi. Wanaoona hilo ni jambo dogo hawajawahi kumwona mtoto akigundua kwamba maneno ya mama yake yanaweza kuandikwa.

Kumi na moja

Hesabu niliahidi kuirudia. Watu hudhani namba hazina lugha. Muulize mtoto.

Kwa Dholuo 11 ni apar gachiel, kumi na moja. Ni 20 inayonifurahisha: piero ariyo, makumi mawili. Thelathini ni piero adek, makumi matatu. Hata sita imejieleza. Auchiel imebeba tano na moja ndani yake, na saba, abiriyo, tano na mbili. Mtoto anayehesabu hivyo anaona thamani ya nafasi kabla hatujamfundisha thamani ya nafasi. Kiswahili kinafanya vizuri mpaka kumi na tisa, kisha tunapanda jahazi la Waarabu: ishirini, thelathini, arobaini. Ndani ya ishirini hakuna mbili unayoweza kuiona. Kiingereza kinaharibu mapema zaidi, kwa kuwa ndani ya eleven na twelve huoni kumi wala moja wala mbili.

Kwa hiyo ninapofundisha makumi na mamoja kwa vifuniko vya soda na vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa mpira, huwa nawaambia wahesabu kwa lugha ya nyumbani kwanza. Vita huwa vimekwisha. Kitabu kinakuja baadaye kwa Kiingereza na wanakipokea kama mtu anayebatizwa jina jipya, mwili ni uleule.

Saa ndiyo inayonishinda. Mshale mfupi uko kwenye nane. Mtoto anasema saa mbili, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kwao pia, na yuko sahihi kwa kila mtu aliyewahi kumfahamu. Kitabu kinasema ni nane. Ninawaambia ukweli: kuna saa ya kuanzia usiku wa manane na kuna saa ya kuanzia jua likichomoza, na zote mbili ni za watu wenye akili. Wanakubali. Kisha kwenye zoezi wanaandika mbili.

Maswali yasiyookotwa

Saa saba kasoro, watoto wadogo wanajiandaa kwenda nyumbani na mimi nimebaki na rekodi. Zimo ngazi nne: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, na kuwa mbali nayo. Mzazi akiona "amefikia" anatulia. Lakini amefikia nini? Kama nilipima kasi ya kusoma kwa sauti, nimepima nusu ya kwanza ya ile hesabu ya kuzidisha.

Swali langu la "Nani amenunua nyanya?" lilikuwa swali la kuokotwa. Jibu limelala ndani ya sentensi, mtoto anainama na kuliokota, hata akiwa hajui kitu. Jaribu mwenyewe: Kibwazo alimdugua mfute. Nani alimdugua mfute? Umejibu, na maneno hayo nimeyatunga sasa hivi. Vitabu vyetu vimejaa maswali ya aina hii, na mitihani pia, kwa sababu ni rahisi kuyasahihisha.

Mambo ninayoyatumia badala yake si ya gharama. Kuchora ni mojawapo. Jingine ni kumwambia mtoto anisimulie alichosoma kwa lugha yoyote aipendayo, Dholuo, Kinyore, mchanganyiko, hata kwa mikono. Wazazi wasiojua Kiingereza hudhani hawana la kusaidia. Nawaambia waagize hadithi ile isimuliwe jikoni kwa lugha ya jikoni. Mtoto akishindwa kuisimulia hapo, hakuisoma. Na akiisimulia vizuri, basi hata kama shuleni alisema "sule", niachieni mimi hilo.

Haraka ya kufanya hivi inatokana na Gredi ya Nne. Januari ya mwaka huo kitabu cha Sayansi na cha Jamii vyote ni vya Kiingereza, na msaada wa lugha ya nyumbani umekwisha kisera. Mtoto anayeimba maandishi huweza kujificha mpaka hapo. Halafu anakutana na ukurasa wa mizizi, shina na majani, vitu alivyopalilia tangu akiwa na miaka mitano, na anaitwa mzito wa kuelewa.

Baada ya mchoro ule nilirudi kwenye andalio la somo kuibadilisha sentensi. Nilitaka kuandika "Bibi amenunua nyanya", nikasita. Hapa Kenya bibi ni mke wa mtu, na wavulana wawili wa dawati la nyuma wangenimalizia kipindi. Mwishowe, nikijua ninavunja desturi ya Kiswahili sanifu, niliandika: Dayo amenunua nyanya sokoni Luanda.

Msichana wangu aliisoma, akakaa kimya kidogo, kisha akaniangalia kama mtu aliyedanganywa jana yake.

Kwenye dawati lilelile mvulana wa upande wa Luanda akainua mkono. "Mwalimu, Dayo ni nani?"

Sikuwahi kujibu. Msichana alikuwa ameshamgeukia. "Ni nyanya," alisema, akaona haitoshi, akakunja mgongo na kushika mkongojo usiokuwapo, akatembea hatua mbili kati ya madawati.

"Aa," akasema mvulana. "Kukhu!"